Taya Linauma, Sauti Inachoka: Ulinganisho wa Tiba kwa Anayeishi kwa Kuongea

Neno "sauti" katika Kiswahili hubeba mambo mawili. Mtu akisema sauti yake imeharibika, huenda maneno hayatoki sawasawa, s inateleza na a haifunguki. Au huenda mlio wenyewe umekauka kooni. Kwa mwenye ugonjwa wa kiungo cha taya, tofauti hiyo ndiyo inayoamua aanze kwa daktari gani. Mwalimu wa Eastlands, Nairobi, mwenye maumivu ya taya na sauti iliyopwelewa akienda kwa daktari wa meno, atarudi na kinga ya plastiki ya kuvalisha meno. Akienda kwa daktari wa masikio, pua na koo, zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, litaangaliwa na huenda taya lisiguswe kabisa. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri, lakini mgonjwa amebaki na nusu ya jibu.

Hapa tunalinganisha dalili kwanza, kisha tiba tano zinazotolewa mara nyingi. Zote tunazipima kwa swali moja: zinafanya nini kwa usemi na sauti ya mtu ambaye kesho asubuhi lazima aongee?

Taya linavyoingia katika usemi

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fungua mdomo polepole. Utahisi kichwa cha mfupa wa taya kikizunguka mahali pake, halafu kikiteleza kuja mbele. Kati ya mfupa huo na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachotembea nao. Milimita 20 hadi 25 za mwanzo za kufungua mdomo ni za kuzunguka. Zinazobaki, mpaka 40 au 50 kwa mtu mzima mwenye kiungo kizima, zinahitaji kuteleza.

Mazungumzo ya kawaida huishia ndani ya zile milimita za mwanzo. Ndiyo maana mtu ambaye taya lake limekwama kwenye milimita 28 anaweza kukupigia simu usigundue chochote, ilhali mhubiri wa mchana pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, anayeinua "Haleluya" kwa mdomo mpana, anagonga ukuta kila sentensi. Ulimi na midomo ni stadi mno wa kufidia. Hata taya likishikwa lisisogee, mtu mzima bado hutoa irabu zinazoeleweka karibu mara moja. Kwa hiyo malalamiko ya wengi wenye ugonjwa huu hayawi kwamba hawaeleweki. Wanasema wanachoka.

Konsonanti zenye masharti makali ni s na z. Meno ya mbele ya chini hukaribia ya juu hadi ibaki nafasi ya milimita 1 hadi 2 hivi, na ulimi uache mfereji mwembamba wa hewa. Taya likivutwa upande mmoja na misuli iliyokaza, mfereji huo hupinda, na s husikika kama sh au th. Kwa ch na j, taya husogea mbele kidogo, na hapo kiungo chenye uvimbe hutoa kichomi. Irabu a ndiyo inayodai taya lishuke zaidi ya nyingine zote, na Kiswahili kimejaa a.

Mlio ni habari nyingine. Hutengenezwa na nyuzi za sauti ndani ya zoloto, wala taya halihusiki. Lakini zoloto linaning'inia chini ya mfupa mdogo wa haioidi, ulio chini ya mzizi wa ulimi, na mfupa huo haugusani na mfupa mwingine wowote mwilini. Umeshikwa na misuli na kano tu, na baadhi ya misuli hiyo imeshikizwa kwenye taya la chini. Ukiuma meno kutwa nzima, misuli hiyo hukaza na zoloto huvutwa juu. Wakati huohuo mdomo haufunguki vya kutosha, sauti inasikika ndogo, na msemaji anasukuma zaidi kutoka kooni ili asikike. Uchovu wa sauti unaotokana na taya hupitia njia hii ya jitihada. Taya peke yake kwa kawaida halifanyi sauti ikwaruze. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wagonjwa wengi hupuuza mkwaruzo wa miezi kwa kulisingizia taya, kumbe zoloto lina kivimbe kinachosubiri kuonekana.

Vipimo vitatu vya nyumbani

Havitoi jina la ugonjwa, ila vinakuonyesha mlango wa kuanzia.

Cha kwanza, hesabu kwa sauti kutoka sitini hadi sabini na tisa. "Sitini na sita, sitini na saba, sabini na sita, sabini na saba" ina s na a za kutosha kulifichua taya lolote. Jirekodi kwenye simu asubuhi, kisha jioni baada ya kazi. S ikiwa safi asubuhi na ikapinda jioni, misuli imechoka. S iliyopinda wakati wote, hasa baada ya kuvaa kinga au kung'olewa jino, inaelekeza kwenye jinsi meno yanavyokutana.

Cha pili, kaa wima, meno yaachane, midomo ifungwe. Vuta "mmm" kwa kimo cha kawaida, kisha "iii", kisha "aaa" huku mdomo ukiwa wazi upana wa vidole viwili. Mlio ukikwaruza tangu "mmm", wakati taya limepumzika, chanzo kitafutwe kwenye zoloto. "Mmm" ikiwa laini lakini "aaa" ikabana, washukiwa ni taya na misuli ya shingo. Pima pia urefu wa "aaa" kwa pumzi moja. Mtu mzima mwenye afya hufika sekunde 15 au zaidi. Chini ya 10, sababu nyingi ziko kwenye nyuzi za sauti au pumzi.

Cha tatu, rula ya mwanafunzi na kioo. Fungua mdomo uwezavyo bila kulazimisha na upime kutoka ukingo wa jino la mbele la juu hadi la chini. Milimita 40 na kuendelea ni salama, chini ya 35 ni ufinyu. Kisha, kwa vidole, sukuma taratibu kidogo zaidi. Likiongezeka milimita 5 au zaidi, hata kwa maumivu, kizuizi ni misuli. Likigoma kama mlango uliokomewa, na zamani lilikuwa likitoa mlio wa "tak" ambao sasa umenyamaza, huenda kisahani kimetoka mahali pake na hakirudi. Tazama kioo pia: taya hupindia upande wa kiungo kilichokwama.

Mlio wa "tak" usio na maumivu wala kukwama hauhitaji tiba yoyote. Ukiambiwa ulipie tiba yake, uliza kwa nini.

Mambo yasiyosubiri mazoezi

Taya linalokaza ndani ya saa au siku chache, hasa kwa mwenye kidonda na asiyekumbuka chanjo yake, linaweza kuwa pepopunda. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukakamavu wenye homa na uvimbe wa shavu kwa kawaida ni usaha wa jino. Maumivu ya taya yanayokuja ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika yachunguzwe kama ya moyo. Aliye juu ya miaka 50 mwenye maumivu mapya ya panja, taya linalochoka akitafuna, na macho yanayofifia, apelekwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mishipa ya panja ikivimba inaweza kuua macho. Maneno yanayoburuzika ghafla na uso kulegea upande mmoja yachukuliwe kuwa kiharusi. Mdomo uliobaki wazi baada ya mwayo mrefu, hata b, m na p hazitoki kwa kuwa midomo haikutani, ni taya lililoteguka. Linarudishwa na daktari kwa kulishusha na kulisukuma nyuma, si kwa kofi la jirani.

Na sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3 au 4, iwe taya linauma au haliumi, zoloto liangaliwe kwa kamera.

Mlango wa kwanza, Nairobi

Matamshi yakipinda na maumivu yako mbele ya sikio, anza kwa daktari wa meno anayeshughulikia kiungo cha taya na maumivu ya uso. Kitengo cha meno cha Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya mafunzo ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi wana wataalamu wa mdomo na taya, na foleni yake uipangie asubuhi nzima. Mlio ukiwa ndio mbovu, anza kwa daktari wa masikio, pua na koo. Vyote viwili vikiwa vibovu, anza na koo, kisha taya, kwa sababu uchunguzi wa kamera huchukua dakika chache na humaliza hofu kubwa.

Wataalamu wa fiziotherapia ni wengi jijini, lakini si wote wanaoshika taya. Uliza swali moja kwa simu: "Je, unafanyia kazi misuli ya kutafuna kutoka ndani ya mdomo?" Anayeijua kazi hii hujibu bila kusita. Mtaalamu wa tiba ya usemi naye umuulize kama anapokea watu wazima wenye matatizo ya sauti. Leseni ya daktari na daktari wa meno inaangaliwa kwenye orodha ya mtandaoni ya baraza la madaktari, KMPDC. Kama unategemea SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ulizia huduma kwa jina lake kabla ya kukaa kwenye kiti.

Tiba tano, ubavu kwa ubavu

| Tiba | Kwa matamshi | Kwa mlio | Matokeo huanza | Inarudishika? |
|---|---|---|---|---|
| Mazoezi, mikono ya fizio na tabia mpya | Haidhuru | Hupunguza jitihada | Wiki 2 hadi 6 | Ndiyo |
| Kinga ngumu ya usiku | S hupinda ukiivaa | Kidogo au hakuna | Wiki kadhaa | Ndiyo, ikifunika meno yote |
| Kinga laini ya kuchemsha | Huziba mdomo zaidi | Hakuna | Siku chache, au isisaidie | Ndiyo |
| Sindano ya botulini (dawa ya kulegeza misuli) | Huenda tabasamu na kutafuna vilegee | Isiyo ya moja kwa moja | Siku chache hadi wiki 2 | Huisha baada ya miezi 3 hadi 4 |
| Kuosha kiungo kwa sindano | Hufungua a iliyokwama | Hakuna | Siku hadi wiki | Kovu dogo tu |

Jedwali halisemi uzito wa ushahidi. Mwongozo uliochapishwa katika jarida la tiba la BMJ Desemba 2023, kuhusu maumivu sugu ya kiungo cha taya, yaani ya miezi 3 na kuendelea, ulipendekeza kwa nguvu mazoezi ya taya yanayosimamiwa, kunyoosha misuli kwa mikono, mazoezi ya mkao, na tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia. Kinga za meno zinazovuliwa, sindano ya botulini na kuosha kiungo ziliwekwa upande wa kutopendelewa, japo kwa nguvu ndogo. Kinga zinazobadili meno kabisa na upasuaji wa kuondoa kisahani ulishauri viepukwe. Mwongozo huo unahusu maumivu sugu, haufungi mlango kwa aliyekwama jana. Kwa anayeishi kwa sauti, hata hivyo, unakubaliana na maoni yetu: wiki 6 za kazi ya misuli zitangulie plastiki.

Kazi hiyo ikifanywa ovyo haisaidii, kwa hiyo tuieleze vizuri. Msingi wake ni mkao wa kupumzika. Sema "na", kisha simamisha ulimi pale n ilipouacha, nyuma ya meno ya juu. Midomo igusane, meno yaachane. Meno hayana kazi ya kugusana isipokuwa unapotafuna na kumeza. Jikumbushe kila matatu inaposimama, kila simu inapolia. Asubuhi na jioni weka taulo lililokamuliwa kwenye maji moto, dakika 15 hadi 20, juu ya shavu na panja. Kisha, ulimi ukiwa palepale pa n, fungua mdomo hadi kabla tu ulimi haujabanduka, na ufunge. Mara 6, awamu 6 kwa siku. Ulimi unalizuia taya lisiteleze, kwa hiyo misuli inafanya kazi bila kukisaga kiungo.

Kwa sauti, chukua gilasi ya maji na mrija. Zamisha mrija sentimita 2, midomo iuzunguke, meno yaachane, na utoe "uuu" ya polepole huku mapovu yakitoka. Dakika 5, mara 3 kwa siku. Hakuna zoezi lingine tunalolipenda hivi kwa wagonjwa hawa, kwa sababu mgandamizo wa hewa mdomoni huzisaidia nyuzi za sauti kutetemeka kwa jitihada ndogo, na taya halidaiwi chochote. Huharibika kwa njia tatu: mtu anaung'ata mrija, anauzamisha hadi chini ya gilasi akalazimika kusukuma, au anajaza mashavu hewa. Mazoezi ya kwaya ya kupiga miayo mikubwa na "fungua mdomo mpaka mwisho" yasimamishwe hadi rula ionyeshe 40 bila maumivu. Mwambie mwalimu wa kwaya wazi. Hatakuona mvivu akijua sababu.

Chakula nacho ni tiba. Ugali, ndengu, viazi na maharagwe yaliyoiva havina shida. Nyama ikatwe vipande vidogo. Miwa, njugu ngumu, chingamu na mahindi choma ya kung'ata gunzini vikae kando kwa wiki hizo 6. Miraa na muguka hudhuru pande zote mbili. Shavu moja hutafuna kwa saa nyingi, kichangamsho chake huongeza kuuma meno, na mdomo hukauka, jambo ambalo nyuzi za sauti hulichukia.

Kinga ngumu ya akriliki ina nafasi yake kwa anayesaga meno usiku. Huokoa meno yasisagike, hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu, na haibadili tabia yenyewe. Hutengenezwa kwa vipimo vya mdomo wako, unene wa milimita 2 hadi 3 hivi sehemu ya nyuma, na lazima irekebishwe kwenye kiti mara kadhaa hadi meno yote yaiguse kwa usawa. Anayekupa na kukuaga siku hiyohiyo amekuuzia nusu ya kazi. Tukiambiwa tuchague kati ya kinga ya juu na ya chini kwa msemaji, tungechukua ya chini: ya juu hula nafasi ya ulimi nyuma ya meno ya mbele, na s ndiyo inayolipa. Ikilazimu kuivaa mchana, soma namba zile za sitini na sabini kwa dakika 10 mara mbili kwa siku. Ulimi huzoea ndani ya wiki moja au mbili. Kinga zinazofunika meno ya mbele peke yake tunazikataa kwa msemaji yeyote. Meno ya nyuma yanaweza kupanda polepole, yale ya mbele yaache pengo, na s, z na f zipotee hata kinga ikivuliwa. Dalili ya mwanzo ni meno kukutana vibaya asubuhi. Dakika chache ni kawaida. Ikiendelea hadi adhuhuri, acha kuivaa na urudi kwa daktari.

Kinga laini inayochemshwa na kung'atwa, inayouzwa kwenye duka la dawa au la michezo, tunaikubali kwa wiki 2 au 3 za dharura tu. Ni nene, na baadhi ya watu huitafuna usingizini kama chingamu, wakaamka na maumivu zaidi.

Sindano ya botulini kwenye msuli wa shavu tungeiweka nyuma sana kwa mwimbaji au mtangazaji. Dozi ikisambaa, tabasamu huvutika upande mmoja na midomo inaweza kukosa nguvu ya b na p, na utasubiri miezi iishe. Kuosha kiungo ni tofauti: sindano mbili, maji ya chumvi yanayopitishwa kiungoni, ganzi, na kurudi nyumbani siku hiyo. Kwa aliyekwama ghafla kwenye milimita 25 na mazoezi yakashindwa, hiyo ndiyo inayoweza kumrudishia "a" yake. Wiki chache za mwanzo zina thamani kubwa hapa, asizimalizie kwenye kinga ya dukani.

Tungemchagulia nani nini

Mwalimu wa darasa la watoto 50 na zaidi: kabla ya kinga yoyote, anunue kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni, chenye maikrofoni ya kichwani. Maduka ya Luthuli Avenue yanavyo. Maikrofoni ikae sentimita chache kutoka pembe ya mdomo, isiwe mbele yake, vinginevyo p na b zitapiga kishindo. Kinamwondolea jitihada siku hiyohiyo, na taya linapona likiwa halisukumwi.

Mhudumu wa simu anayeongea kwa saa 8 kwa siku: mkao wa n kati ya simu na simu, mrija mara 3, na asibane simu kati ya bega na taya. Mwimbaji aliyepwelewa ghafla asimeze aspirini wala ibuprofeni kwa ajili ya taya kabla zoloto halijaangaliwa, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuongeza uvujaji wa damu kwenye nyuzi za sauti. Kondakta wa matatu mwenye miraa shavuni na "tak" yenye maumivu: aache kwanza miraa kwa wiki 3, halafu apime upya kwa rula. Mara nyingi namba ndiyo humshawishi kuliko maneno yetu.

Wote waandike vipimo vya siku ya kwanza: milimita, sekunde za "aaa", na rekodi ya simu ya sitini hadi sabini na tisa. Baada ya wiki 6 za kazi ya kweli, milimita zikiwa hazijaongezeka hata 5 na maumivu yako palepale, hapo kinga ngumu au rufaa kwa daktari wa upasuaji wa taya inafaa kuzungumzwa. Rekodi hizo mbili zipelekwe kwenye kiti cha daktari, zichezwe moja baada ya nyingine.